Nani anabaki na watoto ambulensi ikifika?

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Naishi Uingereza na wanangu watatu. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka minane. Wa pili msichana, miaka minne. Kitindamimba ana miezi kumi. Baba yao yuko Muscat kikazi, huja likizo tu. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Pumu ninayo tangu utoto wangu Tanga, ila huku baridi na vumbi la zulia vimeizidisha.

Jioni moja mwezi uliopita ilinibana vibaya. Nilivuta inhela ya bluu mpaka mikono ikatetemeka, pumzi haikurudi. Nikamnyooshea mwanangu simu, akapiga 999, namba ya dharura ya huku, mwenyewe. Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume. Yule mwanamke akanivalisha barakoa ya dawa. Mwenzake akazima jiko, maana nilikuwa nimebandika maharage, akambeba mdogo aliyekuwa analia, kisha akamwuliza mkubwa: nani mtu mzima mwingine anakaa hapa? Mwanangu akajibu hakuna. Wakatazamana. Wakaniambia natakiwa kwenda hospitali, na watoto lazima apatikane mtu wa kukaa nao.

Nikakataa kwenda. Kifua kilikuwa kimeanza kufunguka, nikaona heri nibaki na wanangu. Walinieleza hatari yake, nikatia saini kwamba nimekataa kwa hiari yangu. Kabla hawajatoka, yule dada akasema atapeleka taarifa halmashauri, kwa watu wanaoshughulika na watoto, ili nisaidiwe. Mimi nilisikia soshal tu, yaani ustawi wa jamii, mengine hayakuniingia.

Sasa nimeletewa barua, wanataka kuja nyumbani kufanya tathmini. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila mtu ana lake. Mmoja anasema nihame kabla hawajafika. Mwingine anasema nimfundishe mwanangu asipige tena 999, ampigie yeye kwanza. Na ikibidi kupiga, akiulizwa mtu mzima aseme "mama mdogo yuko njiani", hata kama hayuko. Mume wangu anataka watoto waende kwa mama yangu Tanga mpaka mambo yatulie.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni bibi wa Kiingereza, mjane. Siku ile aliona taa za gari, akaja na ndala na gauni la kulalia, akasema nimwandike yeye kama mtu wangu wa dharura. Ni mwema, lakini simjui kwa undani, na binti yangu Kiingereza chake bado cha kubabaisha. Ninayemwamini kama ndugu wa tumbo moja ni shoga yangu wa Mombasa, ila anakaa mwendo wa dakika 40 kwa basi na anafanya zamu za usiku.

Mama, kufa siogopi kama ninavyoogopa kunyang'anywa hawa. Nikiwafungulia mlango watu wa soshal, nitakuwa nimejimaliza mwenyewe? Na pumu ikirudi, nifanyeje?

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maradhi, na pole zaidi kwa kuyabeba peke yako ugenini.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili. Ya kwanza, ukizidiwa watoto watabaki na nani. Ya pili, ukiita msaada, je, msaada wenyewe ndio utakaokunyang'anya watoto? Hii ya pili ndiyo inayokukosesha usingizi. Lakini naona ile ya kwanza ikipata jawabu, ya pili hupungua makali, kwa hiyo niruhusu nianze nayo.

Swali walilomwuliza mwanao huulizwa kila nyumba yenye watoto, ya mwenyeji na ya mgeni. Ambulensi kwa kawaida huja na watu wawili. Mkianza safari mmoja anashika usukani na mwenzake anakaa nyuma na mgonjwa. Hakuna wa tatu wa kubaki na watoto. Nao hawawezi kumwacha wa miaka minane na wadogo zake. Sheria ya Uingereza haikutaja umri wa mtoto kuachwa peke yake, inakataza kumwacha katika hali ya hatari, na shirika la NSPCC, la kulinda watoto, linashauri kwamba walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa wamekomaa vya kutosha kuachwa kwa muda mrefu.

Basi kwanza wanatafuta mtu mzima ambaye watoto wanamjua: ndugu, rafiki, jirani. Wanamtazama huyo mtu. Mtoto anamfuata au anarudi nyuma? Amelewa? Amekubali mwenyewe, au amesukumiwa? Wakiridhika wanaandika jina lake na namba yake ya simu, wanamkabidhi watoto, gari linaondoka. Asipopatikana mtu, na hali yako ikiruhusu, watoto wanapanda garini nawe. Hapo napo pana kazi. Kitanda umelalia wewe, viti vya nyuma ni vichache, na kila mtoto anatakiwa afungwe mkanda mahali pake. Kupakatwa safarini hawakubali, kwa sababu gari likifunga breki mtoto anarushwa. Kama una kiti cha gari cha mtoto mchanga, kiweke karibu na mlango wa nje. Kigari cha kusukuma mara nyingi hubaki nyumbani.

Tena kufika hospitali hakumalizi jambo. Wauguzi wa kitengo cha dharura hawakuajiriwa kulea. Watawakalisha watoto pembeni, mtu awaangalie huku mwingine akipiga simu zilezile ambazo zingepigwa sebuleni kwako. Wakikosa mtu, wanaitwa maofisa wa zamu wa halmashauri.

Na ukiwa mahututi, hawangoji. Wanaomba kituo chao kilete gari la pili, au polisi waje wakae na watoto. Hapa ndipo hadithi za WhatsApp hupata mafuta. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 kinampa polisi uwezo wa kumweka mtoto mahali salama kwa muda usiozidi saa 72, akiwa na sababu ya kuamini kwamba bila hivyo mtoto atapata madhara makubwa. Katika saa hizo polisi hageuki kuwa mzazi, na mzazi na halmashauri lazima waarifiwe. Uwezo huo upo, sitakuficha. Ila katika nyumba kama yako, yenye mama anayewatunza vizuri wanawe, njia ya kufika huko ni kukosekana mtu wa kukabidhiwa.

Umeona wanatafuta nini tangu mwanzo hadi mwisho? Jina la mtu mzima na namba inayopokelewa. Sasa tazama maradhi yako. Pumu kali humnyima mgonjwa sentensi nzima; ni moja ya dalili ambazo wahudumu huzitumia kupima ukali wake. Yaani saa jina linapotakiwa ndiyo saa wewe huwezi kulitaja. Lisipokuwa limeandikwa, atakayejibu ni mtoto wa miaka minane.

Ndiyo maana ushauri wa "mama mdogo yuko njiani" unanitia wasiwasi, ingawa naamini aliyeutoa anakupenda. Mhudumu atamwomba mtoto namba ya huyo mama mdogo. Hana. Watasubiri kidogo, watauliza tena, watapiga simu kituoni, na dakika hizo zote zinakatwa kwenye pumzi zako. Halafu ukweli ukitoka, taarifa haitasema tena kwamba kuna mama mgonjwa asiye na msaidizi, itasema mtoto amefundishwa kuficha. Barua ya aina hiyo ni nzito kuliko uliyonayo sasa. Kuhusu kumpigia rafiki kwanza: ana oksijeni nyumbani kwake? Apigiwe baada ya 999, si kabla.

Maneno ya kweli yakisemwa mapema yana faida yake. Mwanao akimwambia anayepokea simu kwamba mama ana pumu na hawezi kupumua, wako watoto watatu, mtu mzima mwingine hayupo, kituo kinajua mapema na kinaweza kuanza kupanga gari likiwa bado njiani. Mfundishe maneno hayo kwa Kiingereza mpaka ayaseme bila kuwaza. Anuani na msimbo wa posta viandikwe kwa herufi kubwa mahali anapopafikia. Ajue kwamba simu iliyofungwa kwa namba ya siri, au isiyo na salio, bado inapiga 999. Aweke spika, afungue mlango, awashe taa ya nje. Mwambie pia kwamba siku ile alifanya sawa. Kama amekusikia ukijuta, huenda mara nyingine akasitasita.

Kuna jambo sitaki kulipita, mwanangu, hata kama hukuniuliza. Dawa ya barakoa hufungua njia ya hewa kwa saa chache, lakini uvimbe wa ndani unabaki. Wanapotaka uende hospitali ni kwa ajili ya zile saa zinazofuata, na ya vidonge vya prednisoloni vya kushusha uvimbe huo, ambavyo mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku tano au zaidi. Kila aliyepata shambulio anatakiwa aonwe na GP, yaani daktari wake wa mtaani, au muuguzi wa pumu ndani ya siku mbili za kazi, hata kama hakulazwa. Hukusema kama ulionwa. Kama bado, piga simu leo, uombe mpango wa pumu wa maandishi na kile kifaa cha kupuliza cha kupimia nguvu ya pumzi. Ukipuliza chini ya nusu ya kiwango chako bora, ni shambulio kali. Chini ya asilimia 33, uhai uko hatarini. Kwa mwenye inhela ya bluu, mashirika ya pumu ya huku hufundisha kuvuta pafu moja kila sekunde 30 hadi 60 mpaka pafu 10, isipotulia, 999, na gari likikawia zaidi ya dakika 10 bila nafuu, rudia hesabu hiyo. Mwenye mpango wa inhela moja kwa kazi zote ana hesabu tofauti, atakayopewa na daktari wake.

Kukataa kwenda ilikuwa haki yako, mtu mzima mwenye akili timamu halazimishwi. Nakuuliza tu: kama pangekuwa na mtu wa kushika watoto jioni ile, ungekataa?

Sasa huyo mtu. Umeniletea jirani na shoga kana kwamba lazima uchague mmoja. Labda. Lakini kazi zenyewe hazifanani. Kuna saa ya kwanza, ambulensi iko mlangoni na mtu anatakiwa ndani ya dakika tano. Kuna usiku. Na kuna wiki, ukilazwa. Kwa saa ya kwanza, dakika 40 za basi ni nyingi, tena shoga yako akiwa zamuni simu yake iko kabatini. Bibi wa jirani yuko ukutani. Hatari zake nazo unazijua: unasema humjui kwa undani. Je, anaweza kumbeba mtoto wa miezi kumi akapanda naye ngazi? Ana dawa zake zilizozagaa mezani, mbwa, wageni wanaolala? Binti yako akilia kwa Kiswahili ataelewa anataka nini? Haya hayajulikani kwa kuwaza. Mwalike chai watoto wakiwapo, zaidi ya mara moja. Mwache ambadilishe mdogo nepi mbele yako. Utaona binti anamsogelea au anajificha nyuma yako, na jibu hilo ndilo wahudumu nao wangeliangalia.

Shoga yako ana nguvu katika usiku na siku zinazofuata. Ratiba ya zamu zake iwe kwenye jokofu lako. Akija kwa teksi na ikabidi awahamishe watoto, sheria ya huku inaruhusu teksi isiyo na kiti cha mtoto, mradi watoto wakae nyuma, na wenye miaka mitatu au zaidi wafunge mkanda wa kawaida. Kuna kanuni nyingine ambayo Waswahili wengi hawaijui: mtoto chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, halmashauri lazima ijulishwe. Ndugu wa karibu kwa sheria hiyo ni babu, bibi, kaka, dada, mjomba, shangazi, au mzazi wa kambo. Shoga wa Mombasa, hata mkiwa mmeshibana vipi, kwao si shangazi.

Wa tatu asisahauliwe: shule. Pumu si lazima ikushike jioni. Ikikushika kazini saa nane mchana, mwanao atasimama getini saa tisa na nusu na shule haimwachilii kwa mtu asiye kwenye orodha yao. Majina yaleyale yaende shuleni, na kwa anayekushikia wadogo ukiwa kazini.

Tanga naielewa, na mume wako hakosei kuitaja. Kulelewa na bibi ni jambo la kawaida kwetu na watoto wengi wamekua vizuri hivyo. Lakini umenyonyesha miezi kumi au unanyonyesha bado? Mkubwa ataacha shule katikati ya mwaka? Na karatasi zao je? Wanaotegemea viza ya mzazi wakikaa nje muda mrefu, kurudi kunaweza kuwa kugumu. Kwa wafanyakazi wa ulezi kanuni zilikazwa tarehe 11 Machi 2024, waombaji wapya wakakatazwa kuleta wategemezi, na waliokuwapo kabla wakawa na masharti yao. Usikate tiketi kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Na hata wakienda, wewe utabaki na pumu ileile, sasa bila hata mtoto wa kupiga simu.

Naifikia barua. Taarifa kama ile ya wahudumu ikifika, halmashauri ina siku moja ya kazi kuamua ifanye nini. Wakati mwingine haifanyi kitu. Mara nyingine hupendekeza tathmini chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ileile ya Watoto, ambayo ni ya mtoto anayehitaji msaada, hufanywa kwa ridhaa ya mzazi, na haitakiwi kuzidi siku 45 za kazi. Kifungu cha 47 ni kitu kingine: ni uchunguzi, pale wanaposhuku madhara makubwa. Barua yako itakuwa na moja ya namba hizo, na kama haina, waulize. Kwa yale uliyonieleza ningetarajia 17, lakini sijaishika mkononi.

Kuhama nakuombea usikimbilie. Shule na GP huhamisha kumbukumbu, taarifa inakufuata, na sasa ina swali la ziada la kwa nini uliondoka. Kufungua mlango nako hakukosi mashaka. Atakayekuja ataangalia vitanda, chakula, chanjo, atataka kuongea na mkubwa. Anaweza kuuliza hali ya viza. Msaada wa kifungu cha 17 wenyewe hauhesabiwi kuwa fedha za umma zinazokatazwa kwenye viza, ila kabla ya kuomba pesa pata ushauri wa uhamiaji. Na ukiletewa karatasi ya kukubali watoto wakae kwingine kwa muda chini ya kifungu cha 20, jua kwamba hiyo ni ya hiari, mzazi anaweza kuiondoa ridhaa yake, na una haki ya kusema utasaini baada ya kuongea na wakili. Shirika la Family Rights Group hushauri familia bure kuhusu mambo haya.

Utakapokaa nao, au hata ukiamua kuwajibu kwa maandishi kwanza, mikononi uwe na ukurasa mmoja wa Kiingereza: majina kamili ya watoto na tarehe za kuzaliwa, mzio na dawa zao, GP, shule, watu wako wawili na namba zao na uhusiano, anachokula mdogo na anavyolala, kisha sentensi kwamba unawaruhusu watu hao kukaa na wanao ukiwa hospitali, saini yako na tarehe. Nakala moja ukutani jikoni, moja kwa jirani, moja kwa shoga yako, na picha yake kwenye simu yako. Kando ya mlango mfuko wa nepi sita, maziwa ya unga, nguo za kubadilisha, chaja na ufunguo wa akiba. Maziwa ya unga yana tarehe; angalia kila mwezi.

Siku ya kikao omba mkalimani wa Kiswahili mapema, ukitaja Kiswahili cha Tanzania, kwa sababu wakisubiri mpaka mlangoni watatumia wa simu, na sauti hukatika. Mwanao asikutafsirie.